Fahamu Sababu za Bei ya Gesi Kutofautiana Kati ya Eneo na Eneo

Jina la Mnazi linatumika katika maeneo mawili yenye hali tofauti kuhusu gesi. Mnazi Bay, mkoani Mtwara, ni eneo ambako gesi asilia iligunduliwa mwaka 1982. Mnazi ya Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, ni kata iliyo mbali na bomba la gesi hiyo, na wakazi wake wanaopikia gesi hutegemea mitungi. Umbali huo ni sababu kubwa ya bei ya gesi kutolingana nchini.

Gesi asilia ya bomba

Gesi asilia huchakatwa Songo Songo, mkoani Lindi, na Madimba, mkoani Mtwara, kisha husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Bei yake hujumuisha gharama za uzalishaji, uchakataji, usafirishaji na usambazaji. Kiwanda hupokea gesi nyingi kupitia muunganisho mmoja, hivyo gharama ya miundombinu kwa kila kipimo hupungua. Nyumba hutumia kiasi kidogo, ilhali kila moja huhitaji bomba na mita yake. Aidha, bei za viwandani zimekuwa zikipangwa kwa kuzingatia bei ya mafuta mazito ambayo kiwanda kingetumia badala ya gesi.

Gesi ya mitungi

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo huagizwa kutoka nje ya nchi na kupokelewa katika bandari za Dar es Salaam na Tanga. Mabadiliko ya bei katika soko la dunia na thamani ya shilingi huigusa moja kwa moja. Kutoka bandarini, mtungi husafirishwa kwa lori hadi kwa wakala, kisha kwa muuzaji wa kijijini, na kila hatua huongeza gharama. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza kila mwezi bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila eneo. Gesi ya mitungi haimo katika orodha hiyo, hivyo bei zake hutofautiana pia kati ya muuzaji na muuzaji.

Umeme

Gesi asilia huwafikia wananchi wa Lushoto kwa njia ya umeme, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa gridi imekuwa ikizalishwa kwa gesi hiyo. Bei ya umeme wa TANESCO haibadiliki kwa kufuata umbali: mteja wa Lushoto na wa Mtwara walio katika kundi moja hulipa kiwango kimoja kwa uniti.

Jambo la kuzingatia

Ili kulinganisha bei, mnunuzi hugawa bei ya mtungi kwa kilo za gesi iliyomo. Mtungi hupimwa kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake ukitolewa, kinachobaki ni gesi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa wakazi wa Usambara, ambako kuni hutoka katika misitu inayotunza vyanzo vya maji, gharama ya kufikisha mtungi kijijini ina uzito mkubwa katika kufikia lengo hilo.