Ala tupu ya bastola: Sheria ya Marekani yasemaje?

NCHINI Marekani, ambako raia wengi wanaruhusiwa kutembea na bastola kiunoni, hutokea mtu akafika katika mlango wa jengo la serikali akiwa amefunga ala isiyo na kitu. Silaha ameiacha nyumbani au ndani ya gari, lakini mkoba wake umebaki kwenye mkanda, ukionekana na kila mtu.

Swali ni kama mtu huyo amevunja sheria.

Jibu linapatikana katika Kifungu cha 930, Sura ya 18 ya Sheria za Marekani, kilichotungwa mwaka 1988. Kifungu hicho kinamkataza mtu kuwa na bunduki, bastola au silaha nyingine ya hatari, kwa kujua, ndani ya jengo linalomilikiwa au kukodishwa na serikali ya shirikisho ambamo watumishi wake hufanya kazi.

Adhabu ni faini au kifungo kisichozidi mwaka 1. Katika mahakama za shirikisho kifungo hufikia miaka 2, na iwapo silaha iliingizwa kwa nia ya kutenda uhalifu, miaka 5. Tangazo la katazo hilo sharti libandikwe katika kila mlango wa umma.

Ala haimo katika katazo hilo. Silaha ya moto, kwa tafsiri ya sheria, ni chombo kinachorusha risasi kwa nguvu ya mlipuko, pamoja na fremu yake na kizuia sauti. Silaha ya hatari ni kitu kinachoweza kuua au kujeruhi vibaya, na hata kisu cha mfukoni chenye wembe usiofika inchi 2.5 kimeachwa nje. Mkoba mtupu hauhesabiwi.

Hata hivyo, kutokuwa na kosa si sawa na kupita bila maswali. Kwa mlinzi, dalili ya mvua ni mawingu: akiiona ala, atataka kujua bastola iko wapi. Anaweza kukagua mizigo, na mgeni anapaswa kutii maagizo yake halali.

Jibu la kwamba bastola iko ndani ya gari laweza kuzua balaa jingine. Kanuni za Posta ya Marekani hukataza silaha katika eneo lake lote, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali kuwa katazo hilo linahusu hata maegesho ya magari. Mtu aliyevaa ala tupu kwa kudhani ametii sheria huenda akawa ameivunja hatua chache kutoka mlangoni.

Ala tupu imewahi pia kuwa ishara ya kisiasa. Tarehe 16 Aprili 2007, mtu mwenye bastola aliua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech. Mwezi Oktoba mwaka huo, wanafunzi wa vyuo mbalimbali waliingia madarasani wakiwa na ala tupu, wakidai kwamba marufuku ya silaha vyuoni iliwaacha bila kinga. Wapinzani wao walisema bastola darasani ingeongeza hatari na kuwatia hofu wenzao.

Chuo cha Tarrant County, Texas, kilipozuia ala hizo madarasani, shauri lilifika mahakamani. Mwaka 2010, jaji wa shirikisho aliamua kwamba katazo hilo lilikiuka uhuru wa maoni. Mwaka 1969, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imewalinda vivyo hivyo wanafunzi waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam.

Uhuru huo, hata hivyo, haukufungua milango kwa silaha zenyewe. Katika hukumu ya mwaka 2008 iliyotambua haki ya raia kuwa na bastola nyumbani, mahakama hiyo ya juu ilisema makatazo ya silaha katika shule na majengo ya serikali hayakutiliwa shaka.

Huko Texas, sheria iliyoanza kutumika katika vyuo vikuu vya umma Agosti 1, 2016 iliruhusu wenye leseni kuingia na bastola, kwa sharti moja: iwe imefichwa. Walichokuwa wamekionyesha wanafunzi kwa ala tupu, sheria iliwaruhusu kukibeba, ila kisionekane.