Joe Davis na Funguo za Ukumbi: Jinsi Bingwa Mmoja Alivyoujenga na Kuukwamisha Mchezo wa Snuka

Utangulizi

Hapa Kampala meza za puli zimejaa kwenye baa na vibanda vya mitaani, na vijana wanaoshika fimbo kila jioni hawahesabiki. Puli ina ndugu wawili wakubwa kwa umri, biliadi na snuka, na historia ya hao wawili katika karne ya 20 haiwezi kusimuliwa bila jina la Mwingereza Joe Davis. Davis alikuwa bingwa wa dunia wa biliadi, kisha bingwa wa dunia wa snuka mara 15, na katika mashindano hayo ya snuka hakushindwa hata mara moja.

Kwa kawaida maisha yake husimuliwa kwa kuhesabu vikombe. Makala hii inachukua njia nyingine. Swali langu ni hili: kwa nini mchezo uliojengwa na bingwa mkubwa hivi ulikaribia kufa yeye mwenyewe akiwa bado hai na bado anacheza? Hoja yangu ni kwamba sifa zilezile zilizomwezesha Davis kuijenga snuka, yaani ubora wake, bidii yake na jicho lake la biashara, ndizo zilizoikwamisha baadaye, kwa sababu mamlaka yote ya mchezo yalikuwa yamekusanyika mikononi mwa mtu mmoja.

Mtoto wa mchimba makaa

Joe Davis alizaliwa tarehe 15 Aprili 1901 katika kijiji cha Whitwell, jimbo la Derbyshire, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimba migodi aliyeacha kazi hiyo akawa mwenye baa. Familia ilihamia Whittington Moor, karibu na mji wa Chesterfield, ambako hoteli waliyoiendesha ilikuwa na meza kamili ya biliadi. Hili si jambo dogo. Meza kamili ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na familia ya mfanyakazi wa kawaida isingeweza kuinunua wala kupata chumba cha kuiweka. Biashara ya baba ndiyo iliyompa mtoto nafasi ambayo watoto wa majirani hawakuwa nayo.

Akiwa na miaka 13 Davis alikuwa tayari bingwa wa biliadi wa Chesterfield na vitongoji vyake, na mwaka 1919, akiwa na miaka 18, aliingia katika mchezo wa kulipwa. Jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, hivyo alijizoeza kulenga kwa jicho la kushoto, fimbo ikipita upande huo wa kidevu. Wachezaji waliomfuata walifundishwa kuweka fimbo katikati ya kidevu, lakini mtindo wake haukumzuia kuwashinda wote.

Mchezo uliouawa na ubora

Ili kuelewa uamuzi wa Davis wa kugeukia snuka, ni lazima kwanza tuelewe kilichoisibu biliadi. Biliadi ya Kiingereza ina mipira mitatu tu. Mchezaji hupata pointi kwa kuingiza mipira shimoni au kwa kuugongesha mpira wake kwenye mipira yote miwili mingine kwa pigo moja. Akipata pointi huendelea kucheza hadi akosee, na pointi anazofunga mfululizo nitaziita mkupuo.

Katika mchezo huu Davis alifika kileleni. Alishindwa na Tom Newman katika fainali za ubingwa wa dunia za mwaka 1926 na 1927, kisha akatwaa ubingwa mwaka 1928, 1929, 1930 na 1932. Lakini wakati huohuo alitokea Mwaustralia Walter Lindrum, ambaye alikuwa amefikia kiwango kisichokuwa na mfano. Lindrum aliweza kuikusanya mipira mitatu karibu na ukingo wa meza na kuigusagusa polepole, mgongano baada ya mgongano, huku mipira ikisogea kwa inchi tu.

Januari 1932, katika ukumbi wa Thurston's, Leicester Square, London, Lindrum alifunga mkupuo wa pointi 4,137. Mpinzani wake siku hiyo alikuwa Joe Davis. Kwa karibu saa tatu za mchezo Davis alikaa kwenye kiti chake bila la kufanya. Kanuni zilibadilishwa ili kuzuia mikupuo ya namna hiyo, lakini haikusaidia. Lindrum alimshinda Davis tena katika fainali za mwaka 1933 na 1934, na baada ya hapo ubingwa wa dunia wa biliadi haukushindaniwa hadi mwaka 1951.

Hapa kuna fumbo ambalo mwanahistoria wa michezo hana budi kulitazama. Tumezoea kudhani kuwa mchezo hufa kwa kukosa wachezaji wazuri. Biliadi ilikufa kwa sababu wachezaji wake walikuwa wazuri kupita kiasi. Mtazamaji aliyelipa kiingilio alitaka ushindani. Alipopewa mtu mmoja akigusa mipira mamia ya mara kwenye kona ileile, na mwingine amekaa kimya, hakurudi tena.

Kombe la paundi sita

Snuka ilibuniwa na maofisa wa jeshi la Uingereza mjini Jabalpur, India, mwaka 1875, na jina lake linahusishwa na ofisa kijana aitwaye Neville Chamberlain, ambaye si yule waziri mkuu wa baadaye. Ina mipira 22: mmoja mweupe wa kugongea, 15 myekundu, na sita ya rangi nyingine yenye thamani kuanzia pointi mbili hadi saba. Wakubwa wa biliadi waliidharau. Kwao ilikuwa mchezo wa kujipumzisha na wa kuwekeana dau dogo.

Davis aliona tofauti. Katika kumbi za mikoani aliona wateja wakicheza snuka na kuiacha biliadi. Akishirikiana na Bill Camkin, mfanyabiashara wa kumbi za Birmingham, alikishawishi chama kilichosimamia biliadi kikubali ubingwa wa dunia wa snuka. Chama kilikubali, bila shauku kubwa, na wachezaji kumi wakajiandikisha. Fainali ilichezwa Mei 1927 katika ukumbi wa Camkin, Birmingham, na Davis akamshinda Tom Dennis kwa fremu 20 kwa 11. Zawadi yake ilikuwa paundi sita na shilingi kumi, kwa kuwa sehemu ya mapato ilitumika kununua kombe lenyewe. Kombe hilo la fedha ndilo linaloshindaniwa hadi leo.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya shida. Mwaka 1931 waliojiandikisha walikuwa wawili tu, Davis na Dennis, na ubingwa wa dunia ukaamuliwa Nottingham, mji wa Dennis. Davis alishinda 25 kwa 21. Ukiona vyaelea, vimeundwa: kabla ya televisheni na mamilioni ya leo, kulikuwa na mtu aliyekubali kushindania kombe ambalo karibu hakuna mwingine aliyelitaka.

Davis hakuleta juhudi peke yake, alileta pia maarifa. Alipanga jinsi ya kuiweka mipira ya rangi ili pigo moja liandae pigo linalofuata, hivyo akaigeuza snuka kutoka mchezo wa kubahatisha na kujihami kuwa mchezo wa kujenga mikupuo. Wapinzani wake wengi walikuwa mabingwa wa biliadi waliochelewa kujifunza hesabu hiyo. Mtu wa kwanza kumtikisa kweli alitoka nyumbani kwake: mdogo wake Fred, aliyezaliwa mwaka 1913, alishindwa naye katika fainali ya mwaka 1940 kwa fremu 36 kwa 37 tu.

Vita vilisimamisha ubingwa, na ukumbi wa Thurston's ulipigwa bomu Oktoba 1940. Davis aliupeleka mchezo kwenye majukwaa ya maonyesho, akitumia kioo kikubwa kilichoinamishwa ili watu walioketi mbali waone juu ya meza. Mwaka 1946 alimshinda Horace Lindrum, mpwa wa Walter, kwa fremu 78 kwa 67 katika fainali ya wiki mbili mjini London. Umati ulijaa. Wakati huo snuka ilikuwa na heshima na fedha kuliko wakati wowote uliotangulia.

Mwamba ngoma

Mwaka huohuo wa 1946, Davis alitangaza kwamba hatashiriki tena ubingwa wa dunia. Alikuwa na miaka 45, na kustaafu kungeeleweka. Lakini hakustaafu kucheza. Aliacha ubingwa peke yake, akaendelea na mashindano mengine na mechi za maonyesho, na akaendelea kuwashinda wengi. Matokeo yake ni kwamba bingwa mpya, hata angeshinda vipi, kila mtu alijua kuwa mbora wake hakuwamo. Fred alitwaa ubingwa mara kadhaa, na ndiye mchezaji pekee aliyewahi kumshinda Joe bila kupewa pointi za kuanzia, lakini kwa wananchi aliendelea kuwa mdogo wake Joe.

Zaidi ya hayo, Davis alikuwa mwenyekiti wa chama cha wachezaji wa kulipwa, na alikuwa na hisa katika ukumbi wa Leicester Square uliofunguliwa upya mwaka 1947 pale palipokuwa Thurston's. Kwa maneno mengine, mchezaji maarufu kuliko wote alikuwa pia msemaji wa wachezaji na mmoja wa wenye ukumbi muhimu kuliko zote. Kijana aliyetaka kuingia katika mchezo alilazimika kupita mlango ambao ufunguo wake alikuwa nao mshindani wake. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Sidai kwamba Davis alikuwa na nia mbaya. Huenda aliamini kabisa kuwa anaulinda mchezo. Lakini nia njema haiondoi matokeo.

Matokeo yalikuja haraka. Mwaka 1952 wachezaji walikosana na chama kilichosimamia mchezo, wakaanzisha mashindano yao. Ubingwa rasmi wa mwaka huo ulikuwa na watu wawili tu, kama ilivyokuwa mwaka 1931. Tarehe 22 Januari 1955, akicheza na Willie Smith katika Leicester Square, Davis alifunga mkupuo wa pointi 147, ambao ndio ukamilifu wa snuka: mipira 15 myekundu, kila mmoja ukifuatwa na mweusi, kisha rangi zote sita. Hata mkupuo huo uliingia katika ugomvi wa vyama, ukatambuliwa rasmi mwaka 1957. Ukumbi wenyewe ulifungwa mwaka 1955. Mashindano ya ubingwa ya wachezaji yalikoma mwaka 1957 yakiwa na washiriki wanne.

Davis alijaribu dawa. Mwaka 1959 alibuni aina mpya ya snuka, akaongeza mpira wa rangi ya chungwa na wa zambarau. Haikushika. Ugonjwa haukuwa katika idadi ya mipira. Mchezo ulikosa sura mpya, na sura mpya zilikosa njia ya kuingia.

Hitimisho

Ubingwa ulifufuliwa mwaka 1964, mwaka ambao Davis aliacha kucheza, na John Pulman akautetea dhidi ya mpinzani mmoja mmoja. Kisha mwaka 1969 BBC ilianza kuonyesha kipindi cha Pot Black, ambacho kilitumia rangi za mipira kuitangaza televisheni ya rangi, na snuka ikapata maisha mapya. Mwaka 1978, Joe Davis aliugua akiwa anamtazama Fred, mwenye miaka 64, akicheza nusu fainali ya dunia mjini Sheffield. Alifariki tarehe 10 Julai mwaka huo.

Je, ni haki kumlaumu? Nadhani hukumu sahihi ina pande mbili. Bila Davis, huenda snuka ingebaki mchezo wa kandokando. Lakini mwaka 1927 alichokijenga kilikuwa shindano, hakikuwa taasisi inayoweza kusimama bila yeye, na baada ya mwaka 1946 alibaki mlangoni. Walter Lindrum aliimaliza biliadi kwa kucheza vizuri mno. Joe Davis alikaribia kuimaliza snuka kwa kuimiliki mno.

Sisi tunaosoma historia ya michezo katika Afrika Mashariki tunaweza kupata somo la utafiti hapa. Tunapoandika habari za mabingwa wetu wa ngumi, riadha au soka, tusiishie kuuliza walishinda mara ngapi. Tuulize pia nani aliandaa shindano, nani aligawa mapato, na waliokuja nyuma yao waliingilia mlango gani.