Msuka na Mpini: Habari za Zana za Tabora

Wazee husema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hili ni fimbo ya kumpigia mvivu, nalo ni kweli. Lakini lina upande wa pili ambao hausemwi sana: mfua jembe hana budi kuchagua. Yeye akikosea kipimo, hata mkulima hodari atavunja mpini na kupasuka viganja, na msimu utampita. Basi katika karatasi hii twapenda kuwaeleza wasomaji jambo moja dogo katika habari za Tabora. Si habari ya wafalme, wala si ya vita vya Mirambo, bali ni habari ya namna makali yanavyoshikwa. Maana makali peke yake hayafanyi kazi; sharti kiwepo kitu cha kuyashika.

Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857, mahali penye Tabora ya leo, walikuta njia kubwa ya misafara imekwisha kukanyagwa. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe. Toka hapo mkono mmoja ulikwenda Ujiji, na mwingine ulipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Watu wakiikumbuka njia ile hutaja pembe za ndovu, na kwa huzuni hutaja watumwa. Chuma husahauliwa. Lakini majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Usumbwa, kaskazini-magharibi ya Tabora, yalikuwa bidhaa kubwa katika nchi ile. Wapagazi wa Kinyamwezi walipoteremka kwenda pwani walichukua majembe mabegani, wapate kununulia chakula kwa Wagogo. Watu walitoa majembe katika mahari pia. Jembe lilikuwa mali kama fedha, tena lilizidi fedha kwa jambo moja: likikosa mnunuzi, mwenyewe alilima nalo.

Tutazame sasa kazi ya mhunzi. Aliyeyusha mawe ya chuma katika tanuu la udongo kwa makaa ya miti migumu, huku wavukutaji wakiipuliza mivukuto bila kupumzika. Bonge lililotoka alilipiga likiwa jekundu, juu ya jiwe, kwa nyundo ya jiwe au ya chuma, mpaka likawa bapa pana mfano wa jani. Lakini akili yake hasa ilikuwa nyuma ya bapa, katika msuka, yaani ule mkia mwembamba uingiao katika mpini. Aliufua uwe mnene karibu na bapa na mwembamba mwishoni. Mpini nao ulikuwa wa mti wenye kichwa kinene, na tundu lake lilitobolewa kwa chuma cha moto.

Kwa nini alifanya hivi? Mkulima anapopiga ardhi, ardhi nayo hulisukuma bapa lirudi nyuma, na msuka huzidi kuzama katika tundu. Kila pigo hukaza. Hapana msumari, hapana kamba. Kazi yenyewe ndiyo inayoshika jembe. Hii ndiyo elimu ya mhunzi, wala hakuiandika katika kitabu. Ilikaa mkononi mwake, na mtoto wake aliipokea kwa kutazama.

Baadaye majembe ya viwanda vya Ulaya yalianza kuingia kwa merikebu, kisha kwa gari la moshi. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Jembe la dukani lilikuwa rahisi, na tanuu nyingi zikapoa. Hatulaumu mkulima aliyenunua. Mwenye shamba hutafuta jembe, hatafuti historia. Lakini tanuu likipoa kwa muda wa vizazi viwili, si moto tu uliokufa, na mkono umesahau.

Reli ile ile iliyopoza matanuu ilileta karakana. Ndani ya karakana ya reli chombo kikubwa ni kerezo, yaani mashine ya kukerezea chuma. Katika kerezo mambo yamegeuzwa: kazi ndiyo inayozunguka, na kisu hukaa mahali pake, kikiinyoa kazi kidogo kidogo mpaka iwe mviringo kamili. Kwa chombo hiki hufanywa ekseli, parafujo, na vipande vya mashine nyingine. Kwa hiyo watu husema kwamba kerezo ni mama wa mashine.

Nguvu ya karakana ilionekana mwaka 1916, wakati wa vita. Wadachi walikuwa wamezingirwa, na fedha haikuweza kuingia kutoka ng'ambo. Wakapiga sarafu wenyewe kwa vifaa vya karakana ya reli upande wa Tabora: heler 5 na heler 20 za shaba, zenye herufi T, na tena sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye sura ya ndovu na milima nyuma yake. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, na sarafu zaidi ya 16,000 za namna hii zilipigwa. Tarehe 19 Septemba mwaka ule Wabelgiji waliingia Tabora, na kazi ile ikaisha. Serikali iliyozipiga ilikwenda zake, na mwenye heler za shaba mkononi hakuweza kulima nazo. Mhunzi wa Usumbwa angalicheka. Hata hivyo jambo moja halikanushiki: mafundi walipokosa chombo cha kupigia sarafu, walikitengeneza.

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza. Kisu cha kerezo hushikwaje? Zamani fundi alifua kisu kizima kwa chuma cha pua, kikawa kinene na cha thamani nyingi. Mwingereza Charles Babbage aliandika juu ya visu vya kukereza na kuranda, na maneno yake yalichapwa mwaka 1846 katika kitabu cha Holtzapffel. Alifundisha kwamba sharti fundi azijue pembe za kisu: nafasi iliyo chini ya makali, unene wa makali yenyewe, na mlango wa kutokea mnyoo wa chuma. Halafu mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, kilionyeshwa chuma kipya cha pua cha Wamarekani Taylor na White, ambacho hukata hata kikiwa chekundu kwa moto. Chuma cha namna hii kina gharama. Basi ni akili kutumia kijiti kidogo chake, na kukitia katika kishikio cha chuma cha kawaida.

Kishikio kimoja kinatupendeza kuliko vingine. Kisu cha kawaida hulazwa, kikainyoshea kazi pua yake kama mtu anayenyosha mkono. Kazi inapozunguka huikandamiza pua ile, na kisu hutetemeka. Katika kishikio hiki kijiti husimamishwa karibu wima, na ncha yake ya juu hugusa ubavu wa kazi mahali inaposhuka. Uzito wote hupita ndani ya urefu wa kijiti mpaka chini. Mpagazi wa njia ya Tabora alilijua jambo hili: mzigo wa kichwani juu ya shingo iliyosimama huchukuliwa safari nzima, lakini ukiushika kwa mkono ulionyoshwa, hufiki hata mwisho wa kijiji.

Fundi mwenye kerezo dogo nyumbani aweza kukifanya mwenyewe. Huchukua kipande cha chuma laini cha kukaa katika kerezo lake. Mbele yake hukata mfereji kwa msumeno na tupa, upana wake sawa na kijiti cha robo inchi, kina chake kipungue kidogo kuliko unene wa kijiti. Mfereji hauendi wima kabisa. Huinama kiasi cha digrii 12, ili sehemu ya chini ya kijiti iwe mbali na kazi, na tena huinama digrii 12 kwa upande. Juu ya mfereji hufungwa kifuniko kidogo kwa parafujo, kikibane kijiti. Ncha ya juu hunolewa mshazari, pembe kwa pembe, kwa digrii 30 hivi. Uso mmoja tu hunolewa, kwa maana nafasi zilizobaki zimekwisha kutolewa na mwinamo wa mfereji. Makali yakichakaa, fundi hunoa, hukiinua kijiti mpaka ncha iwe sawa na kitovu cha kazi, kisha hukaza parafujo. Kijiti kimoja humtumikia siku nyingi.

Msomaji aweza kuuliza, jambo hili lina faida gani kwa mtu wa kijijini? Faida ni hii. Mhunzi wa Usumbwa na fundi wa kerezo hawakukutana, wala lugha zao si moja, lakini wamejibu swali moja kwa jibu moja: elekeza nguvu ya kazi katika urefu wa chuma, nayo haitakuvunjia kitu. Kijana wa Tabora anayefundishwa kerezo leo asidhani kwamba anapokea elimu ya wageni tupu. Nusu yake ilikuwa nyumbani kwao.

Kwa hiyo twaomba neno moja. Kama katika nyumba yenu liko jembe la kale lililofuliwa kwa mkono, msiliuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mwiteni kijana fundi, aushike msuka, apime unene wake nyuma na mbele, na autie katika mpini apige ardhi mara tatu. Kisha ajaribu kuuchomoa.