Pogolotti: Habari za Mtaa wa Makabwela wa Havana na Waliojitolea Kuutengeneza

Upande wa magharibi wa mji wa Havana, katika wilaya ya Marianao, upo mtaa uitwao Pogolotti, ambao kabla ya kuandamwa na sifa ya ufukara ulikuwa na sifa nyingine kabisa, nayo ni kwamba ndio mtaa wa kwanza katika kisiwa kizima cha Kuba kujengwa kwa makusudi ya kuwapatia wafanyakazi nyumba zao wenyewe. Sheria ya kuujenga ilipitishwa mwaka 1910, zama za Rais José Miguel Gómez, ikaagiza zijengwe nyumba 2,000 nchini. Ardhi ya Marianao ikapatikana kwa Mtaliani mmoja, Dino Pogolotti, mzaliwa wa Giaveno, ambaye alifika kisiwani akiwa karani katika ofisi ya ubalozi mdogo wa Marekani, na baadaye, kwa biashara ya viwanja, akatajirika. Mwaka 1911 mtaa ukafunguliwa kwa shangwe na hotuba, ingawa nyumba zilizosimama hazikutimia hata elfu moja. Serikali iliupa jina la Redención, yaani ukombozi, lakini watu hawakulishika jina hilo. Waliutaja kwa jina la mwenye shamba, na ndilo lililobaki. Mwanawe Mtaliani huyo, Marcelo, alikuja kuwa mchoraji mashuhuri aliyepofuka angali kijana, na mjukuu wake, Graziella, akawa miongoni mwa wahakiki wakubwa wa fasihi ya Kuba, hata nadhani ni nadra mfanyabiashara wa viwanja kuacha kizazi chenye heshima kama hiyo.

Walioingia katika nyumba hizo walikuwa wasokota sigara, wapagazi, madobi na mafundi wa kila namna, na wengi wao walikuwa wajukuu wa watumwa waliovushwa bahari kutoka Kongo, nchi ya Wayoruba na pwani ya Calabar. Si ajabu, basi, kwamba Marianao ikawa ngome ya chama cha siri cha wanaume kiitwacho Abakuá, ambacho asili yake ni Calabar na ambacho tawi lake la kwanza Kuba lilianzishwa Regla, ng'ambo ya bandari ya Havana, mwaka 1836. Nalitaja jambo hili kwa sababu wageni wengi waandikao habari za mitaa ya mafukara huandika kana kwamba watu wake hawakujua kushirikiana mpaka alipofika mfadhili kuwafundisha. Hali wanachama wa Abakuá walikuwa wakichangishana fedha za mazishi na kutunza wajane wa ndugu zao zamani sana, kabla halijazuka jina lolote la kizungu la shughuli za namna hiyo.

Nyumba za Pogolotti zilikuwa ndogo tangu siku ya kwanza, na miaka ilivyopita zikazidi kuelemewa. Mtoto alipooa na asipate pa kwenda, baba alijenga chumba uani. Mjukuu naye alipooa, kikajengwa kingine nyuma ya hicho, mpaka ua ukawa kichochoro. Katika mitaa ya katikati ya mji, penye majumba ya kale yenye dari ndefu, dawa ilikuwa nyingine: mwenye chumba hukigawa kwa sakafu ya mbao, akapata chumba cha chini na cha juu, na sakafu hiyo, ambayo watu wa Havana huiita barbacoa, hukatiza madirisha, huzuia hewa, na huongeza uzito ambao kuta zilizolowa chumvi ya bahari hazikukusudiwa kuubeba. Maghorofa mengi yaliyoporomoka Havana yaliporomoka kwa sababu hiyo pamoja na mvua.

Mapinduzi ya mwaka 1959 yalikuta pembezoni mwa mji vijiji vya vibanda, kikiwemo kile mashuhuri cha Las Yaguas, na katika miaka michache wakazi wake wakahamishiwa nyumba walizosaidia kuzijenga kwa mikono yao. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukaja mpango wa microbrigada: kila kiwanda kilitoa wafanyakazi takriban 33 kwenda kujenga maghorofa, wenzao waliobaki wakafanya kazi yao wenyewe pamoja na ya walioondoka, na nyumba zilipokamilika mkutano wa wafanyakazi ukaamua nani azipate. Ulikuwa ni ujima kwa kipimo cha taifa, na vitongoji vizima kama Alamar ni matunda yake. Lakini mpango huo ulijenga vipya mbali, ukaviacha vya kale vioze mahali pake, na mtu asiye na kazi kiwandani, mathalan mama mwenye watoto anayefua nguo za watu, hakuwa na brigedi ya kumjengea.

Kasoro hiyo ndiyo iliyowashughulisha wasanifu majengo na wanasosholojia wachache waliokusanyika mwaka 1987 katika Kundi la Maendeleo Kamili ya Mji Mkuu, wakiwemo Gina Rey na Mario Coyula, na kutokana na rai zao, mwaka 1988, zikazaliwa karakana tatu za kutengeneza mitaa, moja Cayo Hueso, moja Atarés, na ya tatu La Güinera. Baada ya miaka kumi na kitu zikawa takriban 20, Pogolotti ikiwa na yake. Karakana haikuwa mahali pa kupigia misumari. Ilikuwa ni chumba kimoja na watu watatu au wanne, msanifu majengo, mwanasosholojia na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, waliochaguliwa aghalabu miongoni mwa wakazi wa mtaa wenyewe, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuuliza. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakipata kujua nini kinachowakera watu, wakaitisha mkutano, wakayapanga majibu pamoja nao kwa kutanguliza dhiki iliyo kubwa zaidi. Katika La Güinera, ambayo ilikuwa makazi ya vibanda yaliyoota bila idhini, brigedi iliyoundwa na wakazi wenyewe, wengi wao wanawake, ilisimamisha maghorofa pale pale palipokuwa na vibanda, hata aliyehamia humo hakumpoteza jirani yake.

Wakati huo huo, Pogolotti ilipata mlezi wa namna nyingine. Kanisa la Kibaptisti la Ebenezer la Marianao, jina moja na kanisa la Martin Luther King kule Atlanta, lilikuwa na mchungaji aitwaye Raúl Suárez, ambaye mwezi Aprili mwaka 1987 alianzisha kando ya kanisa lake kituo alichokiita kwa jina la King. Msomaji asisahau zama zenyewe: mtu wa dini hakuruhusiwa kuingia chama tawala mpaka mwaka 1991, na katiba haikuacha kuitangaza dola kuwa ya wakanamungu mpaka mwaka 1992. Mlango ulikuwa umeanza kufunguka tangu mwaka 1984, alipozuru Jesse Jackson na Fidel Castro akaingia naye katika kanisa la Kimethodisti la Vedado. Suárez aliutia mguu wake katika mwanya huo asiuondoe, na mwaka 1993 akachaguliwa mbunge.

Kituo kikashika mafundisho ya Mbrazili Paulo Freire, ambaye mwenyewe alizuru Kuba mwaka 1987, kwamba mfundishaji aanze na yale ambayo mwanafunzi anayajua tayari, na ya kwamba fukara si chombo kitupu cha kujazwa. Katika nchi ambayo mikutano ilikuwa na jukwaa mbele na wasikilizaji chini, watu wa kituo walipanga viti duara. Jambo dogo hilo, ila aliyewahi kukaa katika mikutano ya hadhara ya nchi yoyote, hata zetu, anajua si dogo.

Kisha ikaja dhiki kuu. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, Kuba ilipoteza mafuta, soko na mikopo kwa mkupuo, na katika miaka minne pato la nchi likapungua kwa takriban theluthi moja. Umeme ulikatika kwa saa nyingi kila siku, mabasi yakasimama, watu wakapanda baiskeli za Kichina, na kati ya mwaka 1992 na 1993 zaidi ya watu 50,000 wakapatwa na maradhi ya mishipa ya fahamu yaliyofungamana na upungufu wa chakula. Hapo ndipo jumuiya za hiari, zilizoandikishwa chini ya sheria nambari 54 ya mwaka 1985, zilipopata nafasi ambayo serikali haikuzipa zamani, kwa kuwa wafadhili wa Ulaya na Kanada walitaka kutoa fedha na hawakutaka kuzikabidhi wizarani. Katika Marianao hiyo hiyo, mwaka 1996, mke na mume, Vilda Figueroa na José Lama, walianza kuwafundisha majirani kukausha mboga na viungo kwa jua na kuvihifadhi kwa siki na chumvi, maana friji bila umeme ni kabati tu.

Misaada mingine ilitoka Marekani yenyewe, kinyume cha amri ya serikali yake. Mchungaji Lucius Walker na wafuasi wake walianza mwaka 1992 kupeleka misafara ya dawa na vifaa bila kuomba leseni ambayo vikwazo vya serikali hiyo dhidi ya Kuba viliitaka, na mwaka 1993 maofisa wa forodha wa Laredo, mpakani Texas, walilikamata basi dogo la njano la shule. Waliokuwemo walikataa kushuka, wakagoma kula kwa siku 23 ndani ya basi lile katika joto la Texas, mpaka likaachiliwa, likafika Havana na kupokewa na kituo cha Marianao.

Miongoni mwa yote yaliyobuniwa miaka ile, linalonipendeza kuliko mengine ni la Muargentina Rodolfo Livingston, msanifu aliyepata kufanya kazi Baracoa mwanzoni mwa mapinduzi, ambaye tadbiri yake ilishikwa tangu mwaka 1994 na jumuiya iliyoitwa Habitat-Cuba, ikazaa utumishi wa wasanifu wa jamii waliokuwa na ofisi karibu katika kila wilaya. Msanifu hakuja na ramani. Aliiketisha familia nzima, bibi kizee na watoto pamoja, akawataka kwanza waishtaki nyumba kama mwendesha mashtaka amshtakivyo mhalifu mbele ya kadhi: ukuta huu unavuja, choo hiki kinaonekana sebuleni, chumba hiki hakina hewa. Wakisha kutoa dukuduku, aliwataka waote, waseme nyumba waitakayo lau fedha si kitu. Baada ya hapo ndipo alipochora, si mchoro mmoja bali kadhaa, wakachagua, na mara nyingi ikadhihiri kwamba kilichohitajika si chumba kipya, ila kuhamisha mlango au kupasua dirisha, kazi ambayo familia iliimudu kwa mifuko michache ya saruji.

Habitat-Cuba ilifungwa mwaka 2001. Tangu mwezi Machi 1996, Raúl Castro alipohutubia Kamati Kuu ya chama akizishutumu taasisi zilizokaribiana mno na wageni, jumuiya mpya zilikuwa haziandikishwi isipokuwa kwa shida kubwa, kwa maana sheria ile nambari 54 ilitaka kila jumuiya iwe na idara ya serikali ya kuidhamini. Wasanifu wa jamii walibaki, wakiwa chini ya idara ya nyumba. Karakana nazo zilibaki chini ya wilaya. Na kituo cha King kikabaki chini ya kivuli cha kanisa lake. Mimi siwezi kuafikiana na wale wanaovitwika lawama zote vikwazo vya Marekani, wala na wale wasiotaka hata kuvitaja: saruji ilikosekana kwa sababu ya vikwazo na kwa sababu ya uchumi ulioendeshwa vibaya, lakini idhini haikukosekana kwa sababu ya vikwazo.

Tarehe 12 Julai 2021, siku moja baada ya maandamano makubwa kuzuka nchini, watu wa La Güinera waliingia barabarani, na mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Katika mtaa ule ule uliokuwa umesifiwa kwa wanawake wake waliojenga maghorofa. Kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imetoa orodha ya mitaa zaidi ya 60 ya Havana iliyoitwa dhaifu, ikapeleka lami, mabati na mabomba, na Rais Díaz-Canel akaenda mwenyewe kutembea vichochoroni. Mengi ya yaliyofanywa yalihitajika kwa hakika, ingawa kasi ya kuyafanya ilikuwa ya mtu anayetaka kuonekana, na kazi ya karakana, ile ya kuuliza kwanza, haina kasi.

Ipo njia nyingine iliyofanikiwa, na inafaa kuitaja kwa sababu inaeleza dhiki ya Pogolotti. Mwaka 1999 kinyozi aitwaye Gilberto Valladares, anayejulikana zaidi kwa jina la Papito, alianzisha katika mtaa wa Santo Ángel, Havana ya Kale, mradi wa Arte Corte, akafungua shule ya kuwafundisha vijana wasio na kazi unyozi na ususi bila malipo. Biashara zikaota kandokando, wenyewe wakachangia mtaa, watoto wakapata kiwanja cha michezo kiitwacho Barbeparque, na kichochoro chenyewe leo kinaitwa cha vinyozi. Lakini Santo Ángel imo ndani ya eneo la Ofisi ya Mwanahistoria wa Mji, ambayo chini ya Eusebio Leal ilipewa mwaka 1993 haki ya kutumia mapato ya hoteli na mikahawa yake kukarabati majirani zake, na watalii hupita mlangoni mwa Papito kila siku. Pogolotti hakuna mtalii anayefika kunyolewa. Huko fedha ya saruji hutoka wilayani, au kwa wafadhili wa kituo, au kwa ndugu aliyehamia Miami, na huyo wa Miami ndiye anayetuma kwa haraka zaidi.