Inaenda ama Inakuja? Historia ya Taa Nyekundu Niliyoiharibu Mwenyewe

Wasee, leo niko na deni la kulipa.

Mwaka jana niliweka video ya tuktuk ya mizigo ya binamu yangu, ile ya magurudumu matatu ya kubeba mchanga, magunia na omena. Tulitoa balbu ya kawaida ya nyuma tukaweka LED nyeupe ya kumetameta, ile inawaka kama disko. Nilisimama mbele ya kamera kifua mbele nikasema tuktuk imepanda daraja. Watu waliipenda, na wengine walienda wakanunua. Nilikuwa nimekosea, na sikujua vile nimekosea hadi usiku mmoja kwa barabara ya Busia.

Nilikuwa nimepanda boda kutoka Kisian nikirudi tao. Giza, mvua imetoka tu kuacha. Mbele yetu kukatokea taa nyeupe, kwa upande wetu wa barabara. Jamaa wa boda akafanya kile mtu yeyote angefanya. Alidhani ni gari linapita lingine na sasa linatujia, akakata kushoto. Tukatoka kwa lami, tukaserereka kwa murram, tukasimama kwa nyasi. Hatukuumia, ni matope tu na moyo kudunda.

Tulipoinua macho, ile taa ilikuwa bado mbele yetu, na umbali ulikuwa unaongezeka. Haikuwa inatujia. Ilikuwa inaenda tao kama sisi, polepole na mzigo wake. Tuktuk ya mizigo, kava nyekundu ya nyuma imevunjika, ndani kuna LED nyeupe. Kama ile yangu.

Jamaa akaniuliza, "Omera, hiyo kitu inaenda ama inakuja?"

Hilo swali lilinikosesha usingizi. Ukifikiria vizuri, taa ya nyuma haina kazi nyingine kubwa kuliko kujibu hilo swali. Na nilipoanza kusoma, nikagundua jibu lake, yaani ile rangi nyekundu, halikutoka kwa hewa. Watu walilitafuta kwa miaka mingi, na walilipata kwa ajali.

Tuanzie kwa reli, kwa sababu Kisumu yenyewe ilianzia hapo. Reli ya Uganda ilifika kwa ziwa Desemba 1901, wakati mahali hapa palikuwa panaitwa Port Florence, jina la Florence Preston, bibi ya injinia aliyesimamia kutandika hizo reli. Pamoja na vyuma na makocha, Waingereza walikuja na kanuni walizokuwa wamezitengeneza kwao kwa zaidi ya miaka 60. Kati ya hizo kulikuwa na moja ndogo sana: behewa la mwisho lazima libebe taa nyekundu.

Hiyo taa ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza unaijua, kumwambia anayekuja nyuma kwamba hapa kuna kitu. Ya pili ndiyo ilinishangaza. Treni ikipita stesheni, mtu wa ishara alikuwa anaangalia mkia wake. Akiona taa, anajua treni imepita yote, nzima. Asipoiona, inawezekana mabehewa yamekatika huko nyuma na yako kwa njia, gizani, bila mtu. Basi hakuna treni nyingine inaruhusiwa kuingia hapo hadi ijulikane kilichotokea. Kwa hivyo taa ya nyuma ilikuwa inasema, "Mimi naishia hapa, na niko mzima."

Sasa sikia hii. Zamani za mwanzo, reli za Uingereza zilikuwa na mpango tofauti wa rangi. Nyekundu ilikuwa simama, kijani ilikuwa chunga, na nyeupe ilikuwa pita, njia iko wazi. Ilikuwa rahisi, kwa sababu nyeupe ni taa yoyote tu bila kioo cha rangi. Lakini hapo ndipo shida ilipokuwa. Kioo chekundu kikivunjika au kikianguka, taa inabaki nyeupe. Ishara iliyotakiwa kusema "simama" inaanza kusema "pita". Kitu kimeharibika, lakini badala ya kukuonya kinakukaribisha. Tena miji ilivyozidi kuwa na taa, dereva angeweza kuona taa ya nyumba ya mtu akadhani ni ishara yake. Kufikia mwisho wa karne ya 19, waliachana na nyeupe, wakaifanya kijani kuwa rangi ya kupita.

Umeona? Kufikia siku treni inafika kwa ziwa letu, hilo somo lilikuwa limeshalipiwa. Kava nyekundu ikivunjika na nyuma yake kuna mwanga mweupe, unadanganya watu. Na mimi, zaidi ya miaka 120 baadaye, nikiwa na simu na mwanga wa studio, nikarudisha hilo kosa Kisumu nikaliita kupanda daraja.

Najaribu kuelewa kwa nini sikuona. Nafikiri sababu moja ni ziwa.

Sisi watu wa huku tumelelewa na taa ya kuita. Usiku usio na mwezi, ukisimama Dunga ama Mbita ama Rusinga, unaona ziwa limekuwa kama mji. Hizo ni taa za wavuvi wa omena. Omena hufuata mwanga, kwa hivyo taa inawekwa juu ya maji, samaki wanajikusanya, halafu nyavu inawazunguka. Mwezi ukijaa, kazi inalala, kwa sababu taa ya mtu haiwezi kushindana na mwezi. Kwa miaka mingi hiyo taa ilikuwa karabai, ile ya kupampu, na mafuta yake yalikuwa yanakula sehemu nzuri ya pesa ya usiku. Mwaka 2008, kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo Mbita cha kuchaji taa kwa nguvu ya jua, ili mvuvi akodishe taa yenye chaji badala ya kununua mafuta. Baadaye LED zikaingia, na leo mwanga mwingi unaouona huko ndani ni wa betri.

Kwa hivyo LED kwetu ilikuja na sifa moja: nyeupe zaidi, kali zaidi, bora zaidi. Kwa ziwa hiyo ni kweli kabisa. Kwa barabara, taa ya mbele inaweza kuwa hivyo pia. Lakini taa ya nyuma haiiti mtu. Inamwambia akae mbali. Ukiweka taa ya omena kwa mkia wa tuktuk, usishangae mtu akikosa kuelewa.

Sababu ya pili ni kwamba vyombo vyetu vya bei ya chini havijawahi kuwa na taa ya nyuma ya kutegemewa. Boda ilianzia Busia miaka ya 1960, baiskeli za kuvusha watu na mizigo kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda. Baiskeli za teksi zikajaa Kisumu pia, waulize wazazi wako. Taa yake ilikuwa ya dinamo, ile inasugua tairi. Ukipiga pedali inawaka. Ukisimama inazima. Yaani pale ambapo unahitaji kuonekana zaidi, umesimama kando ya lami abiria anashuka, ndipo unapotea gizani. Kilichobaki ni riflekta.

Halafu miaka ya 2007 na 2008 serikali ikalegeza kodi ya pikipiki ndogo, boda za injini zikafurika. Tuktuk nazo zikachukua tao. Hiyo mashine ina ukoo mrefu. Mwaka 1948 Piaggio wa Italia, nchi ikiwa bado inajikusanya baada ya vita, walichukua Vespa wakaifanya magurudumu matatu ya kubeba mizigo, wakaiita Ape. Bajaj wa India wakaja kutengeneza za kwao kwa wingi, hadi jirani zetu Tanzania wanaiita bajaji. Kwa hivyo tuktuk ya mizigo haijatoka mbali na mwanzo wake. Lakini taa yake ya nyuma ilibaki balbu ya uzi. Na wewe unajua barabara zetu. Uzi mwembamba, mashimo, matuta, magunia ya mchanga. Balbu inakufa, kava inagongwa sokoni, na mwenye tuktuk anasema ataweka kesho.

Hapo ndipo LED inastahili sifa yake, na sitaki mtu aseme ninaipinga. Haina uzi wa kukatika. Inakula wati chache tu mahali ambapo balbu ya breki inakula 21. Na iko na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia kabla sijatengeneza ile video: inawaka haraka. Balbu ya uzi lazima kwanza ipate moto, na inachukua kama sehemu 2 kwa 10 za sekunde kufikia mwanga wake. LED haingojei. Piga hesabu na mimi. Matatu iko nyuma yako kwa kilomita 80 kwa saa, inakula kama mita 22 kila sekunde. Hizo sehemu 2 ni mita 4 na zaidi. Hiyo ni zaidi ya urefu wa tuktuk nzima ya abiria. Huo ndio umbali unampa dereva wa nyuma kwa kubadilisha balbu moja.

Na hapa historia inanicheka kabisa. LED ya kwanza ya mwanga wa kuonekana iliyoweza kutumika ilitengenezwa na Nick Holonyak, Marekani, mwaka 1962. Rangi yake? Nyekundu. Ya buluu yenye mwanga mkali ilisumbua wanasayansi kwa miaka 30 mingine, hadi Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipoiweza. Walipewa Nobel mwaka 2014. Nyeupe tunayoijua ilitoka hapo, kwa sababu kwa kawaida ni LED ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa njano. Ndiyo maana magari yaliwekwa LED nyuma, kwa breki, miaka mingi kabla ya kuwekwa mbele. LED ilizaliwa ikiwa tayari kwa kazi ya mkia, na mimi nikanunua nyeupe.

Tena hata kava ikiwa nzima, nyeupe haikusaidii. Kava nyekundu haitengenezi wekundu, inazuia rangi zingine tu. Balbu ya uzi iko na nyekundu nyingi ndani ya mwanga wake. LED nyeupe ya bei ya chini iko na kidogo, kwa hivyo kinachotoka ni pinki hafifu. Unalipia mwanga halafu kava inaumeza.

Nilirudi kwa binamu yangu, tukaenda kwa fundi wa jua kali karibu na Kibuye, mzee ambaye amefunga waya kabla mimi sijazaliwa. Binamu alibisha kwanza. Alisema nyeupe inaonekana mbali. Mzee akamwambia, "Nyathina, kuonekana si shida. Shida ni kuonekana kama nini."

Hivi ndivyo tulifanya, na ndiyo hii video mpya. Kwanza kava mpya nyekundu, kabla ya balbu. Halafu LED nyekundu ya kitako kile kile, yenye ngazi mbili: hafifu ya usiku, kali ya breki. Jaribu hiyo tofauti kabla ya kulipa, kwa sababu kuna zingine ngazi zote mbili zinafanana, na aliye nyuma hatajua umekanyaga breki. Tulisugua kutu pale waya wa athi unapofungwa kwa chuma. Indiketa zilikuwa zinapigapiga kwa fujo baada ya kuweka LED, kwa sababu flasha ya zamani ilitengenezwa kwa balbu nzito. Tukaweka flasha ya elektroniki, zikatulia. Riflekta tuliziacha, kwa sababu betri ikikufa ni hizo tu zitakusemea. Na mlango wa nyuma wa bodi haushushwi tena usiku ukifunika taa, hata mzigo uwe mrefu vipi. Za kumetameta zilienda ndani, juu ya kichwa cha dereva. Swagi imebaki, imehama tu.

Ile video ya zamani sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba nilikosea, na kwamba ukiifuata unaweza kumtupa mtu kwa nyasi, ama mahali pabaya kuliko nyasi. Kama ulinunua kwa sababu yangu, samahani ya kweli. Balbu nyekundu haina bei kubwa kuliko ile nyeupe.

Leo jioni kabla hujatoka stendi, mwambie mtu akanyage breki, wewe tembea hatua 50 nyuma ya tuktuk yako uangalie. Jiulize swali la jamaa wa boda. Kama unasita hata kidogo kujibu, bado hujatengeneza taa.