Gharama za usafiri kwenda shule za nidhamu za Texas

Hizi ni gharama za kumfikisha mwanafunzi aliyeondolewa shuleni kwake kwa utovu wa nidhamu kwenye kituo alichopangiwa kuendelea na masomo. Katika jimbo la Texas, Marekani, vituo hivyo hujulikana kwa kifupi cha DAEP.

Sheria

Bunge la Texas liliandika upya sheria ya elimu mwaka 1995. Sura ya 37 inaitaka kila wilaya ya shule iwe na DAEP, peke yake au kwa ubia na wilaya nyingine, na fedha za kumsomesha mwanafunzi zimfuate huko. Basi la kumpeleka halikuwekewa sharti kama hilo. Waliofukuzwa kwa makosa mazito hupelekwa JJAEP, programu ambayo kwa kawaida kaunti zenye watu zaidi ya 125,000 hutakiwa kuwa nayo. Katika kaunti hizo, wilaya na bodi ya kaunti ya mashauri ya watoto huandikiana makubaliano kila mwaka, na lazima yawe na mpango wa usafiri.

Mzigo wa wilaya

Basi la kawaida hupakia watoto wengi wa mtaa mmoja. La DAEP huokota wachache kutoka pande zote za wilaya, na njia hupangwa upya mara kwa mara kwa kuwa kila mwanafunzi ana tarehe yake ya kuingia na kutoka. Mshahara wa dereva na mafuta havipungui kwa sababu abiria ni watatu. Jimbo hutoa ruzuku ya usafiri kwa wanafunzi wanaoishi maili 2 (kilomita 3.2) au zaidi kutoka shuleni, na baada ya mageuzi ya 2019 ilianza kukokotolewa kwa dola 1 kwa maili.

Mzigo wa familia

Pasipo na basi, mzazi ndiye humpeleka mtoto asubuhi na kumfuata jioni, hata kama saa hizo yuko kazini. Mtoto asipofika, siku hiyo mara nyingi haihesabiwi katika adhabu, na muda wa kukaa DAEP hurefuka.

Mwanafunzi mwenye ulemavu ana kinga. Chini ya sheria ya shirikisho ya IDEA, mpango wake wa elimu ukitaja usafiri, wilaya humsafirisha bila malipo, hata kama wenzake wote wanaletwa na wazazi.