Mifumo Kusomana: Herufi Moja Kutoka Tingi

Nimepotea wiki mbili na sababu si sapu kama wengine mnavyonizushia. Nilikuwa nahangaika na mambo ya mdogo wangu wa kike. Yeye yupo nyumbani Tingi, kule milimani, juu ya Mbamba Bay na Ziwa Nyasa. Kamaliza kidato cha sita, kaomba mkopo wa chuo, maombi yakagoma. Cheti cha kuzaliwa kimeandika jina lake kwa herufi c, cheti cha kidato cha nne kimeandika kwa s. Halafu cha kuzaliwa kinasema wilaya ya Mbinga, vya shule vinasema Nyasa, maana Nyasa ilikatwa kutoka Mbinga miaka ya 2010 mwanzoni na yeye alikuwa kashazaliwa zamani. Mtu ni mmoja, karatasi mbili, na kompyuta ikaamua kwamba hawa ni watu wawili.

Nikapiga simu ofisi moja. Dada akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, mifumo bado haijasomana, subirini." Nikakata simu nikabaki pale kimbwetani najiuliza, hivi hii mifumo ilianza lini kutosomana? Na hao waliofanikiwa kuisomanisha walitumia dawa gani? Mimi nasoma historia, kwa hiyo wenzangu wa kompyuta mkiona nimeteleza mnisahihishe, lakini nilichokuta kimenifungua macho.

Tuanzie nyumbani. Kompyuta ya kwanza serikalini iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na sababu mojawapo inayotajwa sana ni ule mpango wa kuweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta, ambao uliharibika. Mashine ilikuwepo, wataalamu wetu wa kuiendesha na kuihoji walikuwa wachache mno. Marufuku ilikuja kulegea, na miaka ya tisini kompyuta zikaanza kumiminika. Lakini angalieni zilivyoingia: kila wizara na mradi wake, kila mradi na mfadhili wake, kila mfadhili na programu yake. Hazina ikaanza kutumia programu ya Epicor kwa malipo mwaka 1998. Benki Kuu ikazindua TISS, mfumo wa benki kulipana zenyewe kwa zenyewe, mwaka 2004. Kila mmoja alijenga nyumba nzuri, ila hakuna aliyekumbuka njia ya kwenda kwa jirani.

Wenzetu ng'ambo walikuwa wameshaumwa na ugonjwa huo huo kwenye mabenki na mashirika ya ndege, na wakatengeneza aina nzima ya programu ambazo mteja hazioni kabisa. Zinakaa katikati, kazi yake ni kubeba ujumbe kutoka mfumo huu kwenda ule. Nimezilinganisha kwa kadiri ya uwezo wangu, na naona ziko njia nne.

Njia ya kwanza ni kuunganisha kila mfumo na mwenzake moja kwa moja. Ukiwa na mifumo miwili, safi, waya mmoja umetosha. Ila piga hesabu: mifumo 10 ikitaka kuzungumza yote kwa yote inahitaji viungo 45. Ikiwa 20, viungo 190. Ukibadilisha kitu kidogo kwenye mfumo mmoja, unaweza kulazimika kurekebisha viungo 19. Hapo ndipo wengi wanakwama.

Njia ya pili ni ya msimamizi wa muamala. Mfano wake ni Tuxedo, iliyozaliwa kwenye kampuni ya AT&T, Marekani, mwaka 1983. Yenyewe inahakikisha kitu kimoja kikubwa: hela ikitoka akaunti hii lazima iingie ile, na ikishindikana irudi ilikotoka. Ama yote mawili yafanyike, ama hakuna lililofanyika. Ubaya wake ni kwamba pande zote ziwe macho kwa wakati mmoja.

Njia ya tatu ni foleni ya ujumbe, na hapa nilicheka peke yangu, maana ni meli ya MV Songea kabisa! Kabla lami ya Mbinga mpaka Mbamba Bay haijafika, wazee wanasimulia, mzigo uliletwa gatini ukaachwa unasubiri. Meli ikija leo, haya, ikija keshokutwa, haya, mzigo upo tu. Mwaka 1993 IBM walitoa programu inayoitwa MQSeries inayofanya vilevile. Mfumo wa kwanza unaacha ujumbe kwenye foleni na kuendelea na shughuli zake, mfumo wa pili ukiamka unauchukua. Kwa nchi ambayo umeme na mtandao vina tabia zake, mimi naona hii ndiyo inatufaa kuliko ile ya pili. Na ujumbe usio na pa kwenda haupotei, unawekwa kwenye foleni maalumu ya ujumbe uliokufa. Shikeni hilo, nitalirudia.

Njia ya nne ilipata jina miaka ya 2000 mwanzoni. Wataalamu waliita basi, na kwa Kiswahili limekaa vizuri. Badala ya kila abiria kukodi gari lake, wote wanapanda basi moja linalopita vituo vyote. Kila mfumo unajiunga mara moja tu na basi, na basi linajua kutafsiri lugha ya huyu iwe lugha ya yule. Mifumo 20, viungo 20. Hapa kuna wakubwa wa kulipia kama IBM na TIBCO, na kuna wa msimbo huria kama Mule na WSO2, hao wa mwisho walianzia Sri Lanka mwaka 2005. Tofauti yao si ya ufundi tu. Tuxedo ile ilipita kwa Novell, ikaenda BEA mwaka 1996, halafu Oracle akainunua BEA mwaka 2008 kwa dola bilioni 8.5. Ukinunua programu ya namna hiyo, siku moja unaamka mwenye nyumba amebadilika na kodi anapanga yeye. Ya huria haina kodi, ila sasa mafundi lazima uwe nao mwenyewe. Yaani tumerudi kwenye swali la 1974: watu wako wapi?

Basi nalo lina hatari yake, likiharibika njiani abiria wote wamelala porini. Waestonia walikwepa hilo. Mfumo wao wa X-Road, ulioanza mwaka 2001, haupitishi data zote mahali pamoja. Kila ofisi ina mlango wake wenye mlinzi, na ofisi mbili zinapeana taarifa zenyewe kwa sheria moja inayofanana kwa wote.

Sasa rudini Tanzania muone kwamba na sisi tumepita njia hizo hizo. M-Pesa ilianza hapa mwaka 2008. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kila mtandao na wateja wake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana kutumiana hela, Vodacom wakaingia mwaka 2016. Makubaliano hayo yalikuwa ya wawili wawili, ndiyo ile njia ya kwanza. Baadaye Benki Kuu ikajenga TIPS, mahali pamoja ambapo kila benki na kila mtandao unaungana mara moja. Upande wa serikali, mwaka 2017 ikaja GePG, iliyojengwa na wataalamu wa serikali wenyewe, na ndiyo mama wa ile kontrol namba tunayolipia ada. Kabla yake ulikuwa unalipa benki, unabeba risiti mkononi, unapanga foleni kwa mhasibu ili akuamini. Siku hizi taarifa inarudi yenyewe ofisini. Na ile Wakala ya Serikali Mtandao ya mwaka 2012, iliyogeuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, ikajenga basi la serikali nzima, GovESB. Rais Samia naye amesema mara kadhaa kwamba anataka mifumo isomane. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna kilichofanyika. Kimefanyika kikubwa.

Sasa kwa nini mdogo wangu alikwama?

Kwanza, basi linabeba ujumbe, halijui jina lako sahihi. GePG inafanya kazi vizuri kwa sababu kontrol namba ni moja, inatolewa na mmoja, na wote wanaiheshimu. Jina la mtu halina heshima hiyo. Limeandikwa na karani wa Mbinga kwa sikio lake, likaja kuandikwa na mwalimu kwa sikio lake. Hata ununue programu ya bei gani, itafikisha c upande huu na s upande ule kwa uaminifu mkubwa, kisha itasema hazifanani. Na haijakosea!

Pili ni uangalizi wa mifumo. Huku nako kuna historia yake. Tivoli ilianzishwa mwaka 1989 na IBM wakainunua mwaka 1996, HP walikuwa na OpenView, halafu mwaka 1999 kijana mmoja Mmarekani, Ethan Galstad, akatoa ya bure ambayo leo inaitwa Nagios. Za wakubwa zinaangalia kila kitu na bei yake usiulize. Ya Galstad kimsingi inauliza kila baada ya dakika chache: seva, uko hai? Ikinyamaza, inamwamsha fundi. Ni nzuri sana, lakini seva kuwa hai si sawa na kazi kufika. Maombi ya mdogo wangu yalikaa wiki tano yameandikwa "yanashughulikiwa". Mashine zote zilikuwa hai, hakuna taa nyekundu hata moja. Yeye alikuwa kwenye ile foleni ya ujumbe uliokufa na hakuna aliyepewa kazi ya kwenda kuifungua asubuhi. Aliyeligundua ni mtumishi mmoja tu mwenye huruma, aliyekaa akasoma karatasi mbili kwa macho yake.

Baada ya hapo mambo yalikuwa ya miguu. Mdogo wangu kapanda Mbinga mara mbili kufuata hati ya kiapo, nauli ya kwanza baba alitoa kwenye hela ya kahawa, ya pili imetoka kwenye bumu langu, ndiyo maana mwezi huu mnaniona nakula chipsi kavu. Juzi jioni kanipigia, nasikia kelele na vigelegele nyuma. Imekubali. Zilikuwa zimebaki siku tatu dirisha lifungwe.

Nimefurahi, lakini moyoni sijatulia. Mdogo wangu ana kaka chuoni wa kupiga simu kila siku. Wako wangapi huko Tingi, Liuli, Lituhi, ambao wameambiwa wasubiri na wanasubiri kweli? Ninyi wenzangu mtakaoajiriwa kwenye hiyo mifumo, najua mtabishana basi lipi ni bora, na ni ubishi mzuri. Ila siku ya kwanza kazini ulizeni hivi: ujumbe ukikwama, nani anapigiwa simu? Mkikuta hakuna, hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Haya, kesho nina tesiti saa mbili asubuhi na desa sijaligusa. Alamsiki.